Mikanda Miwili ya Chirau

Watu wa Tiwi wakikuambia kwamba Chirau ni fundi, waamini. Wakikuambia kwamba ana akili, njoo kwanza kwangu mimi mkewe, nikutandikie mkeka, nikupe chai, nikueleze.

Kazi yake ni kuezeka makuti. Yale mapaa makubwa ya hoteli za Diani, mengi yamepita mikononi mwake, na mikono isipotosha hutumia vidole vya miguu. Mimi Mwanaima hushona makuti pamoja na wanawake wenzangu, tukawauzia wenye kandarasi, na mara nyingi kuti nililolishona mimi ndilo analolifunga yeye. Sote wawili tunakula kwa hilo paa. Tofauti ni kwamba mimi nalitazama nikiwa nimekaa chini.

Chirau hupanda pekupeku. Hukanyaga fito, zile fimbo nyembamba zinazolazwa juu ya boriti ili makuti yafungiwe hapo, akazibana kwa vidole kama kuku aliyelala juu ya tawi. Ngazi anaidharau. Kamba ndiyo usimtajie kabisa. "Sisi hufunga makuti," husema, "hatujifungi wenyewe." Na wenzake hucheka, kila mara, utadhani ndiyo kwanza wanaisikia. Fundi mkubwa kufunga kamba kiunoni ni aibu. Kamba ni ya mwanafunzi, na mwanafunzi naye huivua upesi ili aonekane mkubwa.

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Watu hudhani ni methali ya kuwasuta wenye kiburi. Mimi naona ilitungwa na mke wa mwezekaji, siku moja amekaa mlangoni na wali unapoa.

Basi huyu bwana asiyejifunga alikuwa amejifunga. Kiunoni, chini ya suruali, alikuwa na hirizi: kamba nyeusi yenye kifuko cha ngozi, aliyofungwa na mganga Mramba kutoka Kinango. Mramba ana kibanda Ukunda, na kibao, na namba ya simu kwenye kibao. Alimwambia Chirau kwamba mwenye hirizi ile, paa halimtupi. Sheikh Abdulwahab wa msikitini kwetu alipopata habari alimwita, akamwambia kwa upole kwamba hiyo ni shirki. Chirau akamjibu kwa adabu zote kwamba shikamoo sheikh, lakini hirizi ipo ndani ya suruali, na mambo ya ndani ya suruali ni baina ya mtu na Mola wake. Sheikh akastaghfiru, akaenda zake.

Sasa nikueleze desturi yao moja, maana bila hiyo hutaelewa hasira yangu ilikotoka. Paa likishafungwa kilele, fundi aliyekifunga husimama wima juu kabisa, mikono mitupu, akapiga makofi. Chini wenzake huitikia kwa vifijo. Ukiwauliza kwa nini, watakuambia ndivyo walivyofanya babu zao. Babu zao waliezeka vibanda vyao wenyewe, ambapo ukidondoka unamwangukia mbuzi. Hawa wanasimama juu ya ukumbi wa hoteli wenye urefu wa mnazi. Na wageni huipenda sana hiyo desturi, huacha vinywaji vyao na kutoka na simu.

Mangi alikuwa rafiki wa Chirau, mtu mpole, mcheshi, mume wa Kahaso. Yeye ndiye aliyefunga kilele cha hoteli moja huko Diani, akasimama, akapiga makofi, watu wakashangilia. Mgeni mmoja akasema simu yake haikushika vizuri. Meneja akapaza sauti kutoka chini, akamwomba Mangi arudie. Mangi, kwa ule ucheshi wake, akahama kidogo ili picha ipate na bahari, akasimama tena. Ufito ukakatika. Makofi ya mara ya pili hayakusikika.

Nilimwona Kahaso siku hiyo na sitaki kuyasimulia. Nitasimulia yale ya matangani, kwa sababu yale ndiyo yaliyonichoma. Wanaume walikaa kwenye mikeka wakatafuta sababu. Mmoja alisema siku yake ilikuwa imefika. Mwingine alisema hoteli ile imejengwa juu ya njia ya majini. Wa tatu, na huyu nilitamani kummwagia uji, alisema huenda marehemu alitoka nyumbani wamegombana na mkewe. Kahaso alikuwa ndani anasikia. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba ule ufito ulikuwa umebunguliwa na wadudu, na kwamba paa lile halikuvuliwa makuti ya zamani bali lilivishwa makuti mapya juu ya mbao zilizooza. Na walijua. Niliuona mimi huo ufito ulipopelekwa kwa polisi. Ukiuminya unamwagika unga. Mwenye kandarasi alituma mchele na sukari, na salamu kwamba yuko pamoja nasi.

Siku zile nilianza kuogopa kweli. Chirau akiaga asubuhi nilikuwa naangalia mgongo wake mpaka unapotea kwenye minazi, kisha nashona makuti nikijiuliza kama hili ndilo. Nampenda yule mwanamume. Ni mjinga, lakini ni mjinga wangu, na nilitaka azeeke nimcheke vizuri.

Haukupita muda, mwenye kandarasi akaleta mikanda ya usalama. Mikanda mizuri, ya rangi ya chungwa, yenye mishipi ya kupita mabegani na mapajani, na mgongoni kulabu ya chuma. Akaja nayo kijana mmoja wa bara aitwaye Hesbon, ambaye cheo chake ni afisa wa usalama. Kila asubuhi Hesbon aliwapanga mafundi mstari, wakavaa mikanda, wakavaa kofia ngumu, akawapiga picha, picha zikatumwa Nairobi kwa wakubwa. Moja ilichapishwa ikabandikwa kwenye uzio wa kazi. Chirau wangu yuko mbele, kifua kimetuna, kama bwana harusi. Nilisimama nikaitazama picha ile nikajawa na furaha. Nikasema alhamdulillahi, hatimaye.

Kisha nikainua macho nikamtazama Chirau mwenyewe, kule juu. Mkanda alikuwa amevaa, ni kweli. Ile kulabu ilikuwa inaning'inia nyuma kama mkia, haikushika kitu chochote. Alikuwa anatembea juu ya fito na mkia wake wa chuma, unagonga huku na huku.

Nilitua mzigo wa makuti nikamfuata Hesbon. "Mwanangu, ile kulabu inashika wapi?"

Hesbon akatazama kulia na kushoto. "Mathe, nikuambie ukweli tu? Haishiki mahali. Inafaa iwe na kamba, na hiyo kamba ifungwe kwa boriti nzima, juu ya kichwa ya fundi, ndio akiteleza asiende mbali. Bila kamba hiyo kitu ni urembo."

"Na kamba ziko wapi?"

"Nimeitisha. Boss amesema zitakuja na kazi ingine. Na hata zikikuja, hawa wazee hawawezi kubali. Nikiwaambia wananicheka, wananiita mtoto ya lifti, eti nimezoea kupandishwa na mashine."

"Na wewe ukikataa wasipande?"

"Nikikataa, kesho utapata hapa Hesbon mwingine."

Sikumchukia. Alikuwa anasema kweli, na alikuwa ameshasema kweli kwa kila mtu anayestahili kuambiwa, ndiyo maana alionekana amechoka. Nikarudi nyumbani, nikapika samaki wa kupaka, chakula anachokipenda Chirau kuliko vyote, nikamngoja ashibe.

"Baba Warda," nikamwambia, "kwa nini usiifunge ile kulabu yako kwenye boriti?"

Akalamba vidole. "Mama Warda, mtu akijifunga kamba anakiri kwamba ataanguka. Na paa linasikia."

"Mkanda si unauvaa?"

"Mkanda navaa kwa ajili ya picha. Tena hata huo naufunga legevu. Kitu hakipaswi kuibana hirizi."

Unaona mambo hayo? Mwili wa mtu mmoja una mikanda miwili: mmoja wa mganga na mmoja wa kandarasi. Na yote miwili ilikuwa hirizi tu, kwa maana hakuna uliokuwa umeshikamana na kitu. Tofauti yake ni kwamba mwenye kandarasi alitaka picha na Mramba alitaka jogoo. Nilimwomba, nikamlilia, nikamtajia Warda, nikamtajia Mangi. Aliposikia jina la Mangi aliinuka, akanawa mikono, akasema eti mimi nimejazwa woga na wanawake wa makuti.

Sikio la kufa halisikii dawa. Lakini sikio la Chirau halikuwa limekufa, lilikuwa limepangishwa. Mpangaji alikuwa Mramba. Basi nikaona nizungumze na mpangaji.

Nilikwenda Ukunda na jogoo mwekundu chini ya kwapa, maana mkono mtupu haulambwi. Mramba alikuwa amevaa kanzu na saa kubwa, anacharaza simu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akamtazama jogoo kabla hajanitazama mimi.

"Mganga," nikasema, "mume wangu ni Chirau, mwezekaji. Ile hirizi uliyomfunga imeleta masharti mapya."

"Nani ameleta masharti?"

"Wewe. Leo." Nikamweka jogoo miguuni pake. "Utamwita, utamwambia umeota. Hirizi haitafanya kazi mpaka iunganishwe na paa lenyewe. Ichukuliwe kamba mpya ya nailoni, nene, ile ya kufungia mashua, isiyo na kifundo katikati. Upande mmoja ufungwe kwenye boriti nzima isiyobunguliwa, juu ya kichwa chake. Upande wa pili ushikwe na chuma cha ule mkanda wa kandarasi. Na ahakikishe boriti kwanza kwa kuigonga."

Mramba akakuna kidevu. "Chuma cha nini?"

"Majini si yanaogopa chuma? Wewe ndiye mganga, mimi nitakufundisha?"

"Lakini, mama, nikibadilisha masharti ataona ile ya kwanza haikuwa kamili. Nina jina langu."

"Waganga wa hospitali hubadilisha dawa kila leo na hakuna anayewauliza. Mwambie mizimu imezidi ukali. Na Mangi, kama nasikia vizuri, naye alikuwa na hirizi yako. Hilo jina lako nikianza kulitembeza matangani litafika wapi?"

Mramba akamfunga jogoo miguu, akamweka pembeni, akauliza kama ile kamba ya mashua inapatikana pale pale Ukunda au mpaka Msambweni.

Chirau aliitwa kesho yake, akarudi na kamba mpya begani. Ewe Mola, laiti ungemwona. Alikaa mkekani akanieleza mimi, kwa sauti ya chini, mambo mazito yaliyomfikia: kwamba hirizi lazima iungane na paa, kwamba kamba isiwe na kifundo, kwamba boriti igongwe kwanza, kwamba chuma kinafukuza jini. Maneno yangu yote yalirudi kwangu, hata lile la mashua. Nikaitikia kwa mshangao, nikasema lahaula, kumbe. Akaniambia nisimwambie mtu, ni siri nzito. Nikamwapia.

Basi akawa anajifunga. Wenzake walimcheka, akawaambia ni masharti, wakanyamaza. Kucheka usalama kunaruhusiwa lakini masharti hayachekwi.

Siku ilipofika mimi nilikuwepo. Walikuwa wanaezeka upya ukumbi wa kulia chakula wa hoteli moja upande wa Galu, na hoteli ilikataa kufunga ukumbi, kwa hiyo paa linaezekwa nusu nusu na chini yake wageni wanakula chakula cha mchana. Nilikuwa nashusha makuti kwenye mkokoteni. Nikasikia kitu kikikatika, sauti ndogo tu, kama kijiti cha kuni. Nikainua uso nikaona miguu ya mume wangu imetoka katikati ya paa, kisha kiuno, kisha Chirau mzima hewani.

Akasimama. Nasema akasimama, hewani, juu ya meza ya matunda. Kamba ikamshika. Kofia yake ndiyo iliyofika chini, ikaingia kwenye bakuli la tikiti. Wageni wakadhani ni mchezo umepangwa, wakapiga makofi. Mimi nikakaa mchangani palepale, nikalia kwa sauti mbele za watu na sikuona haya. Karisa, mdogo wake marehemu Mangi, ambaye naye ni fundi, alikimbia juu na wenzake wakamvuta upesi kabla miguu haijafa ganzi. Mbavu zilimuuma juma zima, na mapaja yalibaki na michirizi ya mishipi. Hayo ndiyo yaliyokuwa malipo ya kuanguka kutoka urefu ule. Meneja wa hoteli alikuja juu kwa hasira, akasema si heshima mtu kuning'inia juu ya chakula cha wageni. Nadhani alitaka aanguke kando.

Ungesema sasa watu wamejifunza. Nami nilisema hivyo. Nilikuwa nimesahau ninaishi na nani.

Kabla mbavu za Chirau hazijapoa, mafundi wote walikuwa wamepanga foleni kwa Mramba. Wote walitaka hirizi ya Chirau. Mramba alipaka kibao chake rangi mpya. Na kwa kuwa wateja walimlalamikia kwamba kamba inawachelewesha kazi na inawanasa miguuni, Mramba, mfanyabiashara huyo, akawapunguzia masharti. Akasema kamba ilikuwa ya Chirau peke yake kwa sababu ya nyota yake nzito. Wengine wavae hirizi tu, inatosha.

Habari hizo nililetewa na Kahaso mwenyewe. Alikuja nyumbani jioni moja na Karisa shemeji yake. Chirau alikuwa barazani anamenya muhogo, mafundi wengine wawili watatu wamekuja kumjulia hali. Karisa aliinua shati akatuonyesha kifuko kipya cha ngozi. Kesho yake walikuwa wanaanza paa kubwa Msambweni, la kale, halijaguswa tangu tukiwa wasichana.

Kahaso akanishika mkono. Tangu afiwe sikuwahi kumwona ametabasamu mpaka jioni hiyo. "Dada Mwanaima," akasema, "leo nitalala. Angalau huyu mmoja amekingwa. Laiti na Mangi angepata ile yenye nguvu."

Nikinyamaza, Chirau wangu anabaki na kamba yake, mzima, maisha yote. Karisa anapanda kesho bila kitu, na huyu mwanamke anazika mara ya pili. Nikisema, Karisa huenda akaponea, lakini Chirau atajua amechezewa na mkewe, na kwa kiburi chake ataitupa kamba kwenye shimo la choo. Nilimtazama Chirau anamenya muhogo, mate kinywani, hana habari. Nilitaka kunyamaza. Wallahi nilitaka.

"Karisa, vua hiyo takataka," nikasema. "Haina kitu ndani."

Wakanigeukia wote. Nikayatoa yote: jogoo mwekundu, ndoto, kamba ya mashua, chuma na majini. "Niliyapanga mimi, kwa maneno ya yule Hesbon mnayemcheka. Mramba aliyasema kama nilivyomtuma. Chirau alishikwa na kamba. Hirizi ilikuwepo tu, kama alivyokuwepo yule meneja."

Chirau aliweka kisu chini polepole. "Kwa hiyo, mama Warda, umenifanya bwege mbele ya watu wa Tiwi, Diani na Galu."

"Nimekuweka hai."

"Sikukuuliza hilo." Akainuka, akachukua shati lake, akaenda kulala kwa kaka yake. Kamba aliiacha msumarini.

Asubuhi nilipoamka kamba haikuwepo msumarini. Nikajua ameshapita kuichukua, na nikajua imeshatupwa. Nikapakia makuti yangu kwenye tuktuk nikaenda Msambweni. Nilikuwa nimejiandalia maneno. Nilikuwa tayari kupiga magoti kwenye uwanja wa hoteli.

Nikafika, nikatazama juu. Chirau alikuwa amefungwa kamba. Karisa amefungwa. Kila mwanamume aliyekuwa juu ya paa lile alikuwa na kamba imenyooka kutoka mgongoni mpaka kwenye boriti, na kabla ya kukanyaga mahali wanagonga kwanza. Hesbon alikuwa chini, mikono kiunoni, anacheka peke yake.

"Mathe, umewafanyia nini hawa?"

"Mimi? Nimewaambia ukweli."

"Ukweli gani? Mzee wako amewaita asubuhi, akawaambia, jamaa, mke wangu ameongea na mganga, na mganga ametii. Mganga anatuma majini. Sasa mtu anayetuma mganga ni mtu wa aina gani? Akasema, mimi nimelala na huyu mama miaka yote hii bila kujua. Amesema tufunge kamba, na mimi siwezi mkataza. Wakampigia Mramba simu, wakamweka kwa spika. Mramba akasema ni kweli, yule mama ana nguvu kumshinda. Wee, walikimbilia duka ya vifaa vya mashua kama watu wa mbio."

Nilicheka mpaka machozi. Nilicheka kwa sababu sikuwa bado nimefikiri.

Huku kwetu neno mchawi halina mchezo. Kuna wazee waliohama mashamba yao kwa ajili ya neno hilo, na kuna ambao walizikwa kabla hawajahama. Mara ya kwanza nilipoliona lilikuwa kwenye mikeka: wanawake wenzangu wa makuti walisogea, kidogo tu, wakaniachia kivuli kizima peke yangu. Kisha kwenye arusi ya jirani nilipeleka mahamri, yakarudi kama yalivyokwenda, na kitambaa hakijafunguliwa. Warda alirudi kutoka chuo cha Kurani analia. Sheikh Abdulwahab alikuja kusoma Kurani nyumbani, akakaa karibu na mlango. Na yule niliyemwokoa, bwana mkubwa Chirau, alirudi nyumbani baada ya siku kadhaa akawa ananisalimia kwa adabu ambayo sijawahi kuiona tangu anioe. Akipewa chakula anangoja nianze mimi.

Iliniuma sana. Nilimwambia, "Baba Warda, unajua mimi si mchawi. Toka nje ukawaambie."

Akasema jambo la akili, la kwanza kulisikia kwake, nami nikachukia kwamba lilikuwa la akili. "Nikiwaambia hivyo," akasema, "kesho watafungua kamba."

Kahaso peke yake ndiye anayekuja kula kwangu. Anaketi, anakomba chungu, hasemi kitu, anaenda.

Majuzi nilikuwa kwenye bomba la maji. Mwanarusi, jirani yangu, ambaye mumewe ni fundi na anafanya kazi na Chirau, alijikaza akanisogelea. Wengine waliacha maji yamwagike ili wasikie.

"Dada Mwanaima," akasema, "usinikasirikie. Ni kweli yanayosemwa?"

Neno la kukana lilikuwa limeshafika mdomoni, nimelibeba tangu siku ya arusi. Nilifikiria mikeka, na mahamri, na mtoto wangu chuoni. Kisha nikafikiria mume wa Mwanarusi, pande lile la mtu, ambalo nilikuwa nimeliona asubuhi hiyo likipanda na kulabu imefungwa kwenye ufito kwa uvivu.

"Ni kweli," nikamwambia. "Na mumeo leo amefunga kamba yake kwenye ufito. Nimemwona."

Mwanarusi aliacha mtungi wake palepale, akakimbia kuelekea hotelini.